Kila Risasi Huanguka: Hesabu za Bunduki ya Upepo Kwenye Vilima vya Mugoma

Vilima vya Mugoma vinadanganya macho. Ukisimama kwenye kahawa upande mmoja wa bonde, mgomba ulioko upande wa pili unaonekana uko hapo tu, lakini ukishuka hadi kijitoni na kupanda tena unafika umelowa jasho. Hewa ya asubuhi baada ya mvua ni safi, kila jani linaonekana, na jicho likiona kitu vizuri hukisogeza karibu. Jioni ukungu ukianza kutanda, mgomba uleule huonekana umehamia mbali. Mtu wa kupalilia maharage hasumbuki na mambo hayo. Kwangu yalikuwa ndiyo kazi, kwa sababu sehemu kubwa ya maisha yangu nimekuwa msaidizi wa madaktari wa wanyamapori, mtu wa kubeba, kusafisha na kujaza ile bunduki inayorusha sindano za usingizi. Sasa nimestaafu na kurudi nyumbani Ngara, na vijana wanaonijua wananiletea maswali ya bunduki za upepo. Swali lao kubwa huwa moja: darubini ni mpya, mkono umetulia, mbona risasi haiendi ninapolenga?

Jibu langu ni kwamba mara nyingi darubini haina kosa, na mkono hauna kosa. Kilichokosewa ni umbali. Na umbali una nguvu hiyo kwa sababu kila kinachotoka mtutuni, kiwe peleti ya nusu gramu au sindano ya kumlaza twiga, huanza kuanguka palepale kinapotoka.

Kabla ya hesabu, niseme jambo la kwetu. Ngara ni wilaya ya mpakani, Burundi iko magharibi na Rwanda kaskazini. Waliokuwa watu wazima mwezi Aprili 1994 wanakumbuka daraja la Rusumo, pale karibu wakimbizi robo milioni kutoka Rwanda walipovuka kwa muda wa siku moja hivi, na Benaco, upande wetu, ikageuka mji wa mahema. Miaka iliyofuata tulijua maana ya silaha kupita mikononi mwa watu wasiojulikana. Kwa hiyo hapa kwetu mtu akionekana na bunduki begani hakuna anayesubiri kuuliza kama ni ya baruti au ya upepo. Nchi ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Anayefikiria kumiliki bunduki ya aina yoyote aanzie kituo cha polisi, aulize na apate jibu kabla hajatoa hata shilingi, kisha mwenyekiti na mtendaji wa kijiji wajue. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu naliamini, na kwa sababu nimeona vijana wakianza na darubini na kumalizia na sheria.

Bunduki ya upepo pia si kitu cha kuchezea watoto. Jeshi la Austria lilikuwa na bunduki za namna hiyo tangu karibu mwaka 1780, kazi ya fundi Girardoni, zenye tangi la hewa kwenye kitako, na wavumbuzi Lewis na Clark walibeba moja walipokuwa wakivuka Marekani kati ya 1804 na 1806. Zilizo nyingi leo ni za springi. Unaukunja mtutu kuelekea chini, pistoni inarudi nyuma ikiibana springi mpaka inanaswa, unapachika peleti, unarudisha mtutu. Ukifyatua, springi inaachia, pistoni inakwenda mbele kwa nguvu, na hewa iliyomo kwenye silinda inabanwa kwa ghafla nyuma ya peleti. Peleti yenyewe ni ya madini ya risasi, ina kichwa, kiuno chembamba na nyuma kama sketi iliyo wazi. Hewa inaitanua ile sketi, inabana kwenye mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu, na mifereji hiyo inaizungusha ili isipepesuke angani. Kipenyo kinachoonekana zaidi ni milimita 4.5, na cha pili ni 5.5.

Sasa mistari miwili. Wa kwanza ni mstari wa jicho: unatoka jichoni, unapita katikati ya msalaba wa darubini, unafika kwenye shabaha. Huo umenyooka, nuru haipindi kwa ajili yako. Wa pili ni njia ya peleti angani, na huo haujawahi kunyooka hata siku moja. Darubini hukaa juu ya mtutu, kwa kawaida sentimita nne au tano kutoka katikati ya darubini hadi katikati ya mtutu. Maana yake peleti inaanza safari ikiwa chini ya mstari wa jicho, na mvutano wa dunia unazidi kuishusha. Ili vikutane, darubini inafungwa na kurekebishwa namna ambayo ukiangalia shabaha sawasawa, mtutu unakuwa umeinuka kidogo sana, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Kijana anayemrushia fundi matofali juu ya jukwaa analijua jambo hili bila kufundishwa: halengi viganja vya fundi, analenga juu yake, na tofali linafika mikononi likiwa limechoka.

Mpwa wangu, ambaye ndiye aliyenifanya niandike haya, alinibishia vikali. Aliambiwa na wenzake kwamba risasi ikitoka hupanda yenyewe kwanza, kisha hushuka.

"Mjomba, mbona nikipiga mita 20 inapiga juu ya alama?" aliniuliza. "Si imepanda?"

Imepanda kuuvuka mstari wa jicho lake, ndiyo. Lakini haikupanda hata unywele mmoja juu ya kule mtutu ulikoelekea. Ukiufunga mtutu ukiwa sawa kabisa na usawa wa ardhi tambarare, kisha ukafyatua na mwenzako akaiachia peleti nyingine kutoka kwenye kiganja kwa kimo kilekile, zote mbili zitagusa ardhi karibu wakati mmoja. Moja itaanguka miguuni pake na nyingine mbali huko, lakini mvutano hautofautishi iliyofyatuliwa na iliyoachiwa.

Tuchukue mfano wenye namba, kwa sababu maneno matupu hayamsaidii mtu mwenye bunduki. Peleti ya milimita 4.5, uzito gramu 0.54, inatoka kwa kasi ya mita 240 kwa sekunde, kasi ya kawaida kwa bunduki nzuri ya springi. Peleti ni nyepesi na hewa inaizuia sana. Ikifika mita 45 hivi imebaki na takriban nusu tu ya nguvu iliyotoka nayo. Safari ya mita 30 inachukua kama sehemu 14 za mia ya sekunde. Muda huo ni mdogo kuliko kupepesa jicho, lakini unatosha peleti kuanguka karibu sentimita 10 chini ya pale mtutu ulipoelekea. Kwenye mita 50 imeanguka zaidi ya sentimita 30.

Darubini iwe sentimita 4.5 juu ya mtutu, na tuirekebishe ili peleti ipige palepale msalaba ulipo kwenye mita 30. Nimepiga hesabu ya kilichobaki, na inakaribiana sana na kinachoonekana kwenye karatasi. Kwenye mita 5 peleti itapiga sentimita 2.4 chini ya msalaba. Wengi wanashangaa hapa, kwa sababu walitegemea karibu ndiko kuwe sahihi zaidi. Kwenye mita 10 iko chini kwa milimita saba. Kwenye mita 13 hivi inauvuka mstari wa jicho kwa mara ya kwanza. Kwenye mita 20 iko juu kwa sentimita moja, mita 25 bado iko juu kwa karibu kiasi hicho, kisha inarudi kukutana na msalaba mita 30. Baada ya hapo inaporomoka: mita 40 iko chini sentimita 4.3, mita 50 iko chini zaidi ya sentimita 12.

Ukiziangalia namba hizo kwa utulivu utaona jambo la maana sana. Kuanzia mita 10 hadi kama 33, peleti haitoki nje ya sentimita moja juu au chini ya msalaba. Ndani ya mita hizo lenga na upige, huna haja ya kubuni. Nje ya hapo, kila mita unayoikosea inakulipisha, na bei inapanda haraka kadiri unavyokwenda mbali. Kwa hiyo kusawazisha darubini maana yake ni kuchagua ni umbali gani unataka mistari miwili ikutane kwa mara ya pili, ukijua kwamba kwingine kote haikutani ila kwenye ile sehemu ya karibu. Anayesema darubini yake "iko sawa" bila kutaja mita hajasema kitu.

Namna ya kuifanya kazi hiyo nilimwonyesha mpwa wangu bondeni, chini ya shamba, mahali penye kichuguu kikubwa kisichopitiwa na njia ya watu wala ng'ombe. Mbele ya kichuguu tuliweka gunia la mchanga, na juu ya gunia karatasi ya daftari yenye alama ya kalamu nene. Kizuizi cha nyuma si cha kubahatisha. Peleti ya bunduki ndogo inaweza kwenda mita 300 na zaidi ikikosa pa kuishia, inatoboa ngozi, na jicho haliiwezi kabisa. Usipige kwenye jiwe, usipige kwenye bati, usipige juu ya maji. Inaruka na kurudi usikokujua.

Kamba ilikuwa muhimu kuliko bunduki. Tulichukua kamba ya katani, tukaipima kwa futi ya fundi seremala na kufunga fundo kila mita tano mpaka mita 50. Kabla ya kuinyoosha nilimwambia akadirie mwenyewe mita 30 na kusimama hapo. Tulipoinyoosha, kumbe alikuwa amesimama kwenye fundo la mita 40. Hakuwa mzembe, bonde lilikuwa limemvuta, kama linavyomvuta kila mtu.

Tukaanzia mita 10 ili kuhakikisha peleti inaingia kwenye karatasi, bila kujali ilikopiga hasa. Kisha tukarudi hadi fundo la mita 30. Hapo ndipo watu huharibu kazi: wanapiga risasi moja, wanaona imekwenda kulia, wanakimbilia kugeuza vitufe. Risasi moja haisemi chochote. Piga tano bila kugusa kitu, ukilenga palepale, ndipo uangalie katikati ya kundi la matundu. Kundi likiwa limetawanyika kama mbegu za ulezi, tatizo si darubini. Rudi kwenye ushikaji. Bunduki ya springi inataka kushikwa kwa namna yake. Ikifyatuka inarudi nyuma, halafu pistoni ikigonga mwisho wa silinda inaruka mbele, yote hayo kabla peleti haijaondoka vizuri mtutuni. Ukiibana kwa nguvu au ukiilaza juu ya gogo, kila mara itaruka kivyake. Iegemeze kwenye kiganja kilicho wazi, kiganja kikae juu ya mfuko laini wa mchanga, bega lisiisukume. Iache iruke, mradi iruke vilevile kila mara.

Kundi la mpwa wangu lilikuwa chini sentimita nne na kulia sentimita mbili. Darubini nyingi zina vitufe viwili, cha juu kwa kupandisha na kushusha, cha pembeni kwa kulia na kushoto, na kila ukigeuza kidogo unasikia "tik" kwenye vidole. Darubini yake ilikuwa ya robo dakika ya pembe, yaani kila tik inasogeza milimita saba hivi kwenye mita 100. Kwenye mita 30 tik ileile inasogeza milimita mbili na ziada kidogo. Kwa hiyo sentimita nne ni tik 18, na sentimita mbili ni tik 9. Unageuza kuelekea unakotaka peleti iende: juu, kisha kushoto. Alihesabu kwa sauti, tukapiga tano nyingine, tukasahihisha kidogo tena. Kundi lilipokaa kwenye alama nikamwambia vitufe hivyo sasa asiviguse.

Kazi iliyobaki ndiyo ninayoipenda. Tulisogea fundo kwa fundo, mita 10, 15, 20, mpaka 50, kila mahali risasi tano, na kwenye kila karatasi akapima kwa rula kundi liko wapi na kuandika kwenye daftari. Ukurasa ule ndio ramani ya bunduki yake, si yangu wala ya jirani. Akibadilisha aina ya peleti, hata kama kipenyo ni kilekile, ukurasa unafutwa na kazi inaanza upya, maana uzito na umbo vikibadilika na njia inabadilika.

Kuhusu kununua darubini nitakuwa mfupi. Ile miruko miwili ya bunduki ya springi, nyuma na mbele, huvunja darubini zilizotengenezwa kwa bunduki za baruti, ambazo hupokea teke la upande mmoja tu. Tafuta iliyotengenezwa kwa bunduki za springi, na kagua skrubu za vishikizo kila unapoitoa. Pia darubini nyingi za bunduki kubwa zimepangwa kwa mita 100 hivi. Kwenye mita 10 msalaba unaonekana kuelea juu ya shabaha ukisogeza kichwa. Ijaribu hivi: iweke bunduki juu ya mfuko, usiiguse, sogeza jicho kidogo kulia na kushoto. Msalaba ukihama juu ya alama, hiyo si ya kazi hii.

Sasa nirudi kwenye vilima, kwa sababu kitabu kilichoandikwa kwa mtu wa tambarare hakimtoshi mtu wa Ngara. Vijana wengi huamini kwamba ukipiga kuelekea mlimani peleti itapiga chini, na ukipiga kuelekea bondeni itapiga juu. Kweli ni kwamba kote kuwili hupiga juu kuliko ulivyozoea. Mvutano wa dunia unafanya kazi kwa umbali wa usawa, yaani ule ambao ungeupata kama ungeshusha mstari wima kutoka kwenye shabaha na kupima ardhi iliyolala. Mteremko wa nyuzi 30, ambao hapa kwetu ni wa kawaida, unaugeuza umbali wa mita 40 uwe kama mita 35 tu. Ukilenga kwa mita 40 utapita juu.

Upepo nao una tabia yake. Upepo mwanana wa kilomita 10 kwa saa ukipiga kwa ubavu unaisogeza ile peleti yetu kama sentimita mbili kwenye mita 20, zaidi ya nne kwenye mita 30, na karibu 13 kwenye mita 50. Bonde lina upepo wake na ukingo una wake, kwa hiyo usiangalie majani yaliyo miguuni pako tu, angalia na migomba iliyo katikati ya njia. Tena vilima vyetu vinapita mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa hapa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 15. Peleti inapata kizuizi kidogo, lakini springi nayo ina hewa pungufu ya kubana. Usijaribu kukisia ni lipi litashinda. Bunduki iliyosawazishwa pwani isawazishwe tena Ngara.

Na usiiinamishe bunduki upande. Kwenye kilima mwili unajipinda kufuata mteremko na bunduki inaufuata. Kuinama nyuzi 10 tu kunaipeleka peleti pembeni karibu sentimita mbili na nusu kwenye mita 40.

Haya yote kwa peleti ni ya sentimita. Nilikojifunza mimi yalikuwa ya mnyama mzima, na ndiko nilikoelewa kwa nini umbali si jambo la kupuuza.

Bunduki ya sindano za usingizi ni ndugu wa bunduki ya upepo. Nyingine hutumia baruti kidogo, lakini zile nilizozishika zaidi ni za gesi ya kaboni dioksidi: chupa ndogo, geji ya presha, kitufe cha kuongeza na kupunguza, mtutu mrefu laini wa milimita 11 au 13. Sindano yenyewe ni kazi nzuri ya ufundi. Mwili wake ni bomba la plastiki lenye vyumba viwili, cha mbele cha dawa na cha nyuma cha hewa iliyobanwa, kati yake kizibo. Ncha haina tundu mbele. Tundu liko ubavuni na limefunikwa kwa kipira. Ikidunga, ngozi inakisukuma kipira nyuma, tundu linafunguka, hewa inasukuma kizibo na dawa inaingia msulini. Nyuma kuna mkia wa nyuzi za rangi kali, unaoituliza angani na kutusaidia kuiokota majanini. Kuiokota ni lazima. Dawa ya etofini inayotumika kwa faru, tembo na twiga ni kali kiasi kwamba kiasi kidogo sana kinaweza kumuua mtu, ndiyo maana hatukufanya kazi hiyo peke yetu kamwe, wala bila dawa ya kuitangua kuwa wazi mezani.

Ufundi huu una mizizi Afrika Mashariki. Colin Murdoch wa New Zealand alikuwa miongoni mwa waliotengeneza bunduki hizo katika miaka ya 1950, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari Toni Harthoorn, aliyefanya kazi Kenya na Uganda, alikuwa miongoni mwa waliozijaribu dawa hizo kwa wanyama wa kwetu na kuandika jinsi ya kuzitumia. Upande wa pili wa mpaka, hifadhi ya Akagera ya Rwanda ililetewa faru weusi kutoka Karagwe mwishoni mwa miaka ya 1950, ukoo ule ukaja kutoweka, na mwaka 2017 wakaletwa wengine 18 kutoka Afrika Kusini, miaka miwili baada ya simba kurudishwa huko. Upande wetu, mapori ya Burigi, Biharamulo na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato mwaka 2019. Siku hizi ukitaka kumhamisha faru, kumvisha simba kola ya redio au kumtoa twiga waya wa mtego mguuni, kazi inaanzia kwenye sindano moja iliyorushwa mahali sahihi.

Na sindano ni nzito na ya polepole. Chukua kasi ya mita 50 kwa sekunde. Safari ya mita 25 inachukua nusu sekunde, na kwa nusu sekunde, hata tukiuacha upinzani wa hewa, kitu huanguka zaidi ya mita 1.2. Sasa tuseme umejipanga kwa mita 25, nawe umekadiria vibaya, mnyama yuko mita 30. Sindano itapiga karibu sentimita 30 chini ya ulipolenga. Ulilenga nyama ya bega. Umepiga kiwiko, au tumbo. Ile peleti yetu iliyosawazishwa kwa mita 30, ukikosea mita tano zilezile na shabaha ikawa 35, ingeshuka sentimita 1.7 tu. Kosa ni lilelile, ila la sindano linamkimbiza mnyama akiwa na nusu dozi mwilini, aanguke usikomwona, majini au kwenye mteremko, au abaki amechanganyikiwa mpaka simba amkute.

Kwa sababu hiyo kwenye kazi ile hatukulenga juu ya mnyama ili kufidia umbali. Tulibadilisha presha. Msalaba unabaki kwenye bega. Geji ndiyo inayopandishwa au kushushwa mpaka njia ya sindano ikutane na mstari wa jicho kwenye umbali uliopimwa. Presha ikiwa ndogo, sindano haifiki. Ikiwa kubwa kwa mnyama aliye karibu, sindano inagonga kama nyundo, inavunja mfupa au inaruka nje kabla dawa haijaingia. Jedwali la presha tulilitengeneza wenyewe kwa kila ujazo wa sindano, kwa kujaza maji badala ya dawa na kupiga godoro kuukuu lililosimamishwa kwenye mti, mita baada ya mita. Ni lile daftari la mpwa wangu, kwa gharama kubwa zaidi. Siku ya kazi mtu mmoja hakuwa na jukumu lingine ila kipima umbali cha leza, na daktari hakufyatua mpaka asikie namba.

Vijana wa Mugoma huniuliza pia kama bunduki ya upepo inaweza kumfukuza nguruwe pori au nyati shambani. Haiwezi. Peleti ya nusu gramu inamjeruhi mnyama na kumkasirisha, kisha anayekutana naye ni mama anayechota maji. Na kuwinda mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Kwa hiyo aliyeruhusiwa kumiliki bunduki yake apige karatasi, na kabla ya karatasi afunge kamba yake mafundo. Mnyama akiingia shambani, mwite mtendaji wa kijiji, naye ampigie afisa wanyamapori wa wilaya, na bunduki ya upepo ibaki ndani imefungiwa.